Bunduki Chini ya Kiti cha Mkwe

Pale Gongoni, mbele ya duka la magodoro ambalo mwenyewe alilifunga akahamia Kahama na mwanamke wa watu, kuna benchi la mninga lenye miguu mitatu na tofali. Hapo ndipo Siwema hutua birika lake la kahawa kila asubuhi, na hapo ndipo habari za mji huu hupikwa zikaiva kabla hazijawafikia wenyewe. Asubuhi hiyo ya saa mbili walikuwa wamekaa wawili. Twalibu, wanayemwita Wakili, alifagia korido za mahakama miaka kumi na moja na sheria zikamwingia kwa masikio. Anton, wanayemwita Kamanda, aliwahi kuwa mgambo na mpaka leo hupokea kikombe kama anayekaguliwa. Mara akatokea Ngassa, mfuga ng'ombe wa mtaa wa Cheyo, mtu mzito asiyependa kutembea. Alikuja kwa miguu, amevaa kandambili, moja ya bluu na moja ya waridi.

— Haa! Wakili akacheka. Mzee Ngassa, leo mkeo Kabula kakufukuza na kandambili yake?

Ngassa hakucheka. Aliketi, benchi likalia.

— Bunduki yangu imeondoka na gari.

— Gari limeibiwa?

— Halijaibiwa. Linamrudisha mama mkwe kwake Ziba.

Siwema akaacha kumimina. Kwa habari za wakwe huyu mama huweza kuunguza kahawa.

— Tuanze mwanzo, baba. Bunduki inatafuta nini kwenye gari?

Ngassa akaeleza, macho yake kwenye simu. Kabati lake la chuma la kuwekea silaha lilikuwa chumba cha wageni. Alipotoka zizini kwake Ziba, alikokwenda na bunduki kwa ajili ya fisi, alimkuta mkwe amefikia kwake, amepewa chumba kile kile.

— Sasa mimi niingie chumba anacholala mkwe wangu? Mguu wangu utaanzia wapi?

Hapo hakuna aliyebisha. Hata Kamanda, anayebishana na redio, alitikisa kichwa.

— Si ungemtuma Kabula? akauliza Siwema.

— Ufunguo wa kabati la silaha simpi mtu. Waliniambia hivyo siku ya leseni, hata mke asiushike. Nilikuwa nafuata sheria, jamani! Nikaizungushia khanga kuukuu, nikaisukuma chini ya kiti cha nyuma. Wiki mbili nzima.

— Na Kabula anajua?

— Kabula anajua iko kabatini.

— Haya, makubwa, akasema Siwema, akakaa kabisa.

Safari ilipangwa saa nne. Ngassa alikusudia kuitoa akishakunywa uji. Lakini mkwe, ambaye hapendi jua limkute barabarani, aliamka saa kumi na moja. Akamwamsha Shilinde, mdogo wake Kabula, aendeshe gari, akawapakia wajukuu watatu wa likizo, na kwenye saa kumi na mbili wakashika njia ya Nzega. Ngassa alikuja kuamshwa na ukimya wa nyumba. Simu ya Shilinde haipatikani. Mkwe hana simu. Anasema zinamfupishia usingizi.

Wakili akajinyoosha. Alisubiri siku kama hii tangu alipostaafu ufagio.

— Kisheria, leseni ni ya kwako wewe, siyo ya gari. Shilinde akisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi, yeye ndiye aliyeshikwa na silaha isiyo yake. Na wewe umeiacha bila ulinzi. Ndani nyote wawili.

— Acha kumtisha mwenzio! Kamanda akadakia. Gari lina milango, lina kufuli. Ni nyumba hiyo, ila ina magurudumu.

— Nyumba gani unaiazimisha kwa shemeji na ufunguo wake?

— Na mkwe je? Mtu mzima yumo ndani. Tuseme alikuwa analinda.

— Analinda na leseni ipi?

— Tumwandikie! Tuseme Ngassa alimkabidhi silaha tangu juzi, na mama akaweka dole gumba.

— Kamanda, dole gumba lenyewe liko njiani kwenda Ziba.

Siwema naye hakukubali kubaki nyuma.

— Askari gani atamwinua bibi kizee kwenye kiti aangalie chini? Mama yule akikaa amekaa. Mimi nasema watapita salama.

— Kuna njia moja tu, akasema Wakili, sauti chini. Karipoti kwamba imeibiwa. Sasa hivi, kabla hawajakamatwa.

— Aliyeiba nani? akauliza Ngassa.

Wakili akamsogezea Siwema kikombe aongezewe.

— Mkwe wangu? Au mwanangu Mhoja aliyemo humo, ana miaka mitano?

Ngassa akapiga tena simu. Akaisikiliza mpaka mwisho, ile sauti ya dada anayesema mteja hapatikani, kana kwamba safari hii angebadilisha maneno. Akienda polisi mwenyewe, leseni imekwenda, na pengine yeye na Shilinde pia. Asipokwenda, kizuizi kiko mbele yao. Kila alipogeuza jambo hili, upande wa pili ulikuwa na rangi ile ile.

Ndipo akaja Gaudensia, nesi mstaafu, na chupa yake ya kuwekea kahawa. Akasalimia, akaona nyuso, akauliza kuna msiba wa nani. Siwema akamweleza yote kwa pumzi moja, pamoja na kandambili.

Gaudensia akaiweka chupa chini.

— Ina risasi ndani?

Hilo Wakili na Kamanda hawakuwa wameliuliza.

Ngassa akairudia ile jioni ya zizini. Alisukuma risasi mbili, hilo alikumbuka. Akapiga moja, fisi akakimbia, kisha ikawa kelele za ndama na kuhesabu ng'ombe. Ya pili? Mkono wake ulikumbuka baridi ya chuma, ulikumbuka kuifunga khanga. Haukukumbuka kutoa kitu. Na chini ya kiti kile ndipo Mhoja hujifichia vigari vyake vya mabati. Kila safari huingia huko kuvitafuta, matako juu.

— Ngassa, nakuuliza, baba.

— Sijui, dada.

Akainuka.

— Unakwenda wapi? Watakufunga! Wakili akapaza sauti.

— Wanifunge. Polisi wana redio ya upepo, wataongea na kizuizi. Watawasimamisha Nzega.

Akavuka barabara karibu anakimbia, mtu yule ambaye hatujawahi kumwona akikimbia. Kandambili ya Kabula ilikatika katikati ya lami akaiacha hapo hapo, pikipiki zikaikwepa.

Siwema akatazama saa ya Kamanda, kisha jua.

— Nzega watakuwa wameshapita, akasema.