Miaka Ishirini na Tisa Mlangoni pa Korongo la Kunguru

Ifikapo Ijumaa, tarehe 30 Oktoba, Bi. Etta Tallsalt, Mkaguzi wa Matayarisho wa kampuni yetu ya kutembeza wageni katika Korongo la Kunguru, atakuwa ametimiza miaka ishirini na tisa ya utumishi usiokatika, na siku hiyohiyo atastaafu. Kwa niaba ya wafanyakazi wenzake, na kwa heshima zote zinazostahili, tunaomba kuuweka wasifu wake mbele ya wasomaji wa jarida hili. Yatakayomchukiza mwenyewe tunaomba ayahesabu kuwa hayakuandikwa.

Bi. Etta alizaliwa Kaibeto, kijiji kilicho juu ya korongo letu, katika familia ya wafugaji wa kondoo, na aliajiriwa hapa kwa kazi ya kugawa maji ya kunywa. Katika wiki yake ya pili mgeni mmoja aliingia korongoni amevaa ndara, akatoka amebebwa. Kesho yake Bi. Etta alichukua kiti, akakiweka katika mlango wa banda la kukusanyikia wageni, na tangu hapo hakuna mguu uliopita bila yeye kuiona soli yake. Cheo cha Mkaguzi kilitungwa miaka sita baadaye, ilipodhihirika kwamba kiti kile hakitaondoka.

Matayarisho yake yanajulikana. Viatu huvuliwa, hugeuzwa, hukung'utwa. Chupa ya maji hupimwa kwa mkono, na isiyojaa hurudishwa bombani. Mabegi hubaki bandani, na vijiti vya kujipigia picha huwekwa katika pipa ambalo wageni husahau kulipitia wanapoondoka. Kila mtu huelekezwa msalani, apende asipende, kwa kuwa ndani ya korongo hakuna. Mwisho huja zile mbao mbili alizozipigilia misumari mwenyewe, zilizoachana kama kuta za korongo zilivyoachana mahali pembamba kuliko pote, na mgeni husimama katikati yake akahesabu hadi sitini. Askari polisi mmoja mwenye kifua kipana alizimia alipofika thelathini na nane. Alipozinduka akalalamika, Bi. Etta alimjibu kwa upole: "Baba, hapa ukikwama nitang'oa msumari. Kule ndani ning'oe nini?"

Anayefaulu hufungwa utepe wa kijani mkononi, na bila utepe huo hakuna mwongozaji anayeruhusiwa kumwongoza. Waongozaji, ambao hupenda kuondoka mapema ili warudi mapema, walimbandika jina la Forodha. "Forodha leo kumechacha," huambiana, "kuna mzee amekutwa na soksi za nailoni." Naye hujibu bila kuinua macho: "Cheka, mwanangu, lakini kamba za viatu vyako nazo nimeziona."

Hatuwezi kuuandika wasifu huu kwa uaminifu bila kuitaja tarehe tisa Agosti, mwaka juzi.

Kama ifahamikavyo, kuanzia Machi hadi Novemba nchi yetu ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, husogeza saa mbele, ilhali jimbo la Arizona linalotuzunguka halisogezi. Ofisi ya kampuni, kwa kuwafaa wageni walalao mjini Page, hufuata saa ya jimbo. Kwa hiyo, kule Kaibeto ikiwa saa saba, ofisini ni saa sita. Sisi tuliozaliwa hapa huuliza "saa ya nani?" kabla ya kuuliza hali, na tangu mwaka wake wa tatu kazini Bi. Etta aliomba kwa barua saa ya pili itundikwe bandani. Barua hizo zimefika kumi na moja. Zote zilipokelewa kwa shukrani.

Asubuhi hiyo taarifa ilitoka Kaibeto kwamba mvua kubwa ingenyesha huko juu saa saba. Maji ya huko hutufikia kwa dakika arobaini, na mbingu zetu zikiwa safi kabisa. Kanuni yetu inasema kundi lisiingie korongoni iwapo mvua ya juu inatarajiwa ndani ya saa mbili. Meneja wetu, Bw. Craig Dunmore, aliyekuwa na miezi miwili tangu ahamie hapa, alitazama saa ya ofisi na kundi la wageni kumi na wanne wa saa tano. Akahesabu vidoleni, akaona saa mbili kamili, akaidhinisha.

"Saa saba ya huko au ya hapa?" Bi. Etta aliuliza.

"Saba ni saba, shangazi," akajibu Bw. Dunmore, ambaye tayari alikuwa amejifunza kutuita kwa heshima. "Wafunge tepe, wanangoja."

Kuahirisha safari ni mamlaka ya meneja peke yake, naye Bi. Etta hajapata kuvunja kanuni. Alikwenda kwenye simu ya mezani, akamwachia ujumbe shemeji yake, Bw. Kee Bilagody, anayechunga kondoo huko juu na ambaye ili apate mtandao hana budi kupanda kilima. Kisha akarudi kitini, akaanza kukagua viatu.

Alivikagua viatu ishirini na vinane kama vile havijapata kukaguliwa duniani. Mchanga uliotoka ndani yake aliurundika, akautazama, akauliza umetoka wapi. Bwana mmoja alitumwa msalani mara tatu. Mbao mbili zile zilipitiwa na kila mmoja, kisha zikapitiwa kinyumenyume. "Shangazi, unatuaibisha," mwongozaji alimnong'oneza. "Aibu hukauka," akasema. "Lete mguu wa huyo."

Saa sita kasoro dakika kumi kwa saa ya ofisi, utepe mmoja tu ukiwa umefungwa, simu ililia. Sauti ya Bw. Bilagody ilisikika banda zima: "Shemeji, huku simwoni hata mbwa wangu kwa mvua! Kama umeingiza watu, watoe!"

Bw. Dunmore aliahirisha safari papo hapo. Saa sita na nusu, wakati ambao kundi lile lingekuwa bado ndani, kwenye ngazi ya mwisho, maji mekundu yenye magogo yalipita korongoni yakiwa na kina cha watu wawili. Wageni waliyatazama kutoka ukingoni, kisha tisa kati yao wakaandika malalamiko kuhusu kucheleweshwa.

Wiki hiyo ofisi kuu ilitoa hati mbili. Ya kwanza ilimpongeza Bw. Dunmore kwa uamuzi wa busara. Ya pili ilimwonya Bi. Etta kwa kupoteza dakika hamsini. Zote zimehifadhiwa. Katika jalada hilohilo mna barua mia mbili na kumi na saba za kumlalamikia kwa miaka yote, na tunafurahi kuarifu kwamba waandishi wote walikuwa hai walipoziandika.

Bi. Etta alipaswa kustaafu mwezi wa Aprili. Alikataa kutia saini karatasi za kustaafu, akisema hawezi kukiacha kiti mahali ambapo saba ni saba. Meneja alikaa na karatasi hizo mezani majira yote ya joto.

Mwezi uliopita kampuni iliamua kumpa saa ya ukutani kama zawadi ya kumuaga. Alipodokezwa, aliuliza swali moja tu: "Imetegwa kwa saa ya nani?" Safari hii Bw. Dunmore aliagiza ya pili, akapanda ngazi mwenyewe, akaitundika bandani kando ya ile ya zamani, na chini yake akaandika kwa mkono wake: KAIBETO. Kisha akavua viatu, akakaa mbele ya kiti. Bi. Etta alivigeuza, akavikung'uta, akamfunga utepe, ndipo akatia saini.

Sherehe itaanza saa nane kwa saa ya ofisi. Jamaa zake watafika saa nane kwa saa yao, kwa hiyo anayependa mchuzi wa kondoo na mikate ya kukaanga asichelewe.

Bi. Etta, tunakushukuru kwa kila dakika uliyotupotezea. Tunakuombea maisha marefu na miguu yenye afya, kwa saa ya hapa na kwa saa ya nyumbani.