Filamu Mbovu Njiani Kwenda Hospitali

Basi lilikuwa nusu tupu. Mbele yangu mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa akitazama filamu ya mapenzi kwenye simu huku machozi yakimtiririka. Jirani yake, mwalimu mstaafu aliyekwisha kujitambulisha kwa basi zima, alishindwa kujizuia.

"Dada, vitu vya kitoto hivi ndivyo vinavyokuliza? Mwigizaji mwenyewe analia bila machozi!"

"Naona, kaka. Hata ukuta wa nyumba yao unatikisika mlango ukifungwa."

"Sasa unatafuta nini humo?"

"Huyu binti anaumwa, lakini atapona. Nimeshaiona yote." Aliishusha simu mapajani. "Mimi leo nafuata majibu. Walinikata kipande cha nyama hapa kwenye titi wakakipime. Tangu asubuhi hata kupitisha uzi kwenye sindano nimeshindwa. Nikitazama hii, angalau napumua."

Mwalimu alikohoa.

"Lakini filamu nzuri zipo," alisema, sasa kwa sauti ya chini.

"Zipo. Ila hizo nzuri zenu, mgonjwa hafiki mwisho."

Basi likasimama. "Hospitali!" konda akaita. Mama hakuinuka.

"Miguu imekataa, kaka."

Mwalimu alikuwa amelipa nauli ya kufika sokoni. Aliuchukua mkoba wa yule mama, akasimama. "Twende. Lakini filamu yenyewe ni mbovu."

"Mbovu kwako," alijibu mama, akamshika mkono kwa nguvu, wakashuka.