Binti Anayelilia Bomba

Mratibu wa elimu ya mazingira alikuwa kwenye treni, akienda kumwomba waziri somo lake lifundishwe nchi nzima. Mama aliyeketi kando yake aliona picha ya mto uliokauka kwenye jalada la somo hilo mapajani mwa mratibu, akaguna.

"Somo hilo mmelijaribu shuleni kwa binti yangu. Sasa akifungua bomba analia. Anauliza kama maji yataisha kabla hajakua."

"Sasa tumfiche ukweli, dada?"

"Nani kasema mfiche? Mmemtia hofu, halafu mkaniachia mimi. Nimwambie nini?"

Mratibu alipekua jalada. Mpango mzima ulikuwamo, ila neno la kumwambia mtoto halikuwamo. "Mwambie wakubwa wanashughulikia."

"Wakubwa gani? Nimtajie nani?"

Treni ikasimama. Hapo ndipo mratibu alipaswa kushuka kwenda kwa waziri, lakini alibaki ameketi, akachukua kalamu na kuandika juu ya picha ya mto: "Nimtajie nani?"