Pikapu ya Barafu Inabaki, Mwanamkasi Boga Anapumzika

Pikapu ya barafu haiuzwi. Meneja wetu, Bi. Roseline Mwarandu, aliwatangazia wafanyakazi habari hiyo Jumanne, uani mwa kiwanda hapa Likoni, siku tatu kabla ya dereva wa gari hilo kustaafu. Dereva mwenyewe ni Bi. Mwanamkasi Boga, ambaye Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, anatimiza miaka ishirini na saba ya kazi na kuondoka. Tangazo lilimgusa yeye kuliko mtu mwingine yeyote, na wengi tulimgeukia tuone atasema nini. Aliuliza kama mkutano umekwisha, maana barafu ilikuwa garini inayeyuka.

Mwanamkasi aliajiriwa mwaka 1998 upande wa upakiaji, kuponda barafu na kuijaza magunia. Kampuni iliponunua pikapu mwaka 2003, dereva wa kwanza hakukaa. Mwanamkasi akaenda ofisini na leseni ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo, akaomba funguo. Tangu siku hiyo, kina mama wanaouza samaki Timbwani na ng'ambo ya pili ya feri hadi Kisauni wamezoea kusikia mlio wa gari kabla jua halijakaza. Lori letu halipiti vichochoro vyao. Pikapu hupita, na samaki wa jana hubaki samaki.

Wakati huo gari lilikuwa la petroli. Mwaka 2009 injini ikafa kabisa, na fundi Ishaka wa Changamwe akashauri ing'olewe, iwekwe ya dizeli iliyotoka kwenye gari dogo la abiria lililooza bodi. Kazi ilikula karibu Ramadhani nzima. Mwanamkasi alishinda gereji na saumu yake, akishika taa na kuuliza maswali mpaka Ishaka akamwomba walau moja alibakishe la kesho. Siku ya kukabidhi funguo, Ishaka alimwambia wazi: "Dada, nimetia moyo wa punda kwenye kifua cha mbuzi. Litakwenda, lakini usilisahau hata siku moja."

Hakulisahau. Injini ile ni nzito kuliko ya kwanza na hutetemeka, kwa hiyo boliti zinazoishikilia hulegea. Mwanamkasi huzikaza kila Jumamosi. Maji ya barafu yaliyochanganyika na chumvi ya samaki hula chuma upesi, kwa hiyo kila alasiri huliosha gari chini kwa maji ya bomba, kisha chesisi huipaka oili iliyokwisha kutumika. Nadira wa upakiaji, ambaye kwa miaka mingi amegombania naye bomba hilo, aliwahi kumwambia mbele ya watu kwamba gari analiogesha kuliko mume. Mwanamkasi alijibu bila kuinuka chini ya gari: "Mume hajanipeleka kazini hata siku moja."

Asidhani mtu kwamba mambo yalikwenda sawa siku zote. Kwanza lilibakishiwa betri ile ile ndogo ya injini ya petroli, ingawa Mwanamkasi alikuwa amekwisha kuomba kubwa zaidi. Asubuhi moja, ndani ya feri, magari yalizimwa kama ilivyo ada. Yalipowashwa upande wa pili, la kwetu halikuitika. Nyuma yake foleni nzima ikaanza kupiga honi. Abiria waliokuja kusukuma walianza na maneno kabla ya mikono. Mmoja akauliza, "Mama, barafu hii ya samaki au ya kuhifadhia gari lenyewe?" Mwanamkasi akamjibu, "Sukuma kwanza, baba. Tukifika juu nitacheka na wewe." Walipofika juu ya mteremko alicheka kweli, na kila aliyesukuma akaondoka na kipande cha barafu mkononi. Wiki hiyo betri kubwa ilinunuliwa.

Kisa cha pili kinamhusu Lenox Elkana, dereva wetu wa akiba. Siku ya Idi, Mwanamkasi akiwa nyumbani, Lenox alikwenda kutia mafuta. Kila mhudumu wa kituo cha mafuta anajua kwamba pikapu za muundo ule ni za petroli, na ndivyo zilivyo zote, isipokuwa hii yetu. Lenox alikuwa kwenye simu, mhudumu akajaza petroli. Gari halikufika mbali. Lilianza kugonga, likaishiwa nguvu kando ya barabara. Mwanamkasi alikuja na nguo zake za Idi, akafungua kifuniko cha tangi, akanusa, akamkataza Lenox kugusa ufunguo. Tangi lilimwagwa lote, filta ikabadilishwa, na dizeli safi ikapigwa kwa pampu ya mkono mpaka mapovu yakaisha. Lenox, aliyetoka bara na maneno yake ya bara, alisema, "Pole, mathe." Akajibiwa, "Mathe ndiye nani? Mimi ni mamako. Na gari, mwanangu, halichagui chakula. Wewe ndiye wa kulichagulia." Tangu siku hiyo humwita mama, na akitia mafuta hushuka akasimama pale pale.

Lakini kisa hicho kilibaki kichwani mwa Bi. Roseline. Mwanzoni mwa mwaka huu aliandika kwamba Mwanamkasi akistaafu, pikapu iuzwe kwa vipuri. Hoja yake haikuwa mbaya. "Gari linaloelewana na mtu mmoja tu si gari la kampuni," alisema. Kununua jingine hakukuwa kwenye mpango, na hilo lilimaanisha kwamba vichochoro vya Timbwani vingekosa barafu. Mwanamkasi aliomba jambo moja, apewe nafasi ya kumfundisha Lenox. Bi. Roseline alikubali kwa sharti: kabla ya Novemba kwisha, Lenox aendeshe na kulitunza gari wiki nzima peke yake, bila msaada wa Mwanamkasi hata wa simu. Akishindwa, gari linauzwa.

Kwa miezi kadhaa tukamwona Mwanamkasi kiti cha abiria, mikono mapajani. Lenox anasema kazi ngumu haikuwa kulisikiliza gari, bali kuvumilia mguu wa mama uliokuwa ukikanyaga breki ambayo haipo.

Jaribio la kwanza lilifanyika mwanzoni mwa Novemba. Katikati ya wiki gari lilizima, Lenox akapiga simu, Mwanamkasi akapokea, akamwelekeza mpira wa mafuta unaoingiza hewa. Gari likawaka, barafu ikafika, na hakuna mtu ofisini aliyejua. Jioni hiyo hiyo Mwanamkasi alikwenda mwenyewe kwa meneja. "Alinipigia, nami nikamjibu," alisema. "Wiki hii isihesabiwe." Lenox alilalamika kwamba mama amemuuza. Nadira alimuuliza kama anataka gari au anataka kusifiwa.

Bi. Roseline aliifuta wiki hiyo, ikabaki nafasi moja. Wiki iliyopita, kabla ya Lenox kuondoka na mzigo wa kwanza, Mwanamkasi aliweka simu yake juu ya meza ya Bi. Roseline. "Kaa nayo wewe," alimwambia. "Mkono wangu siuamini."

Alhamisi gari lilizima tena, safari hii Timbwani, magunia yakiwa bado yamejaa na kina mama wamesimama na mabeseni. Mmoja wao alimwambia Lenox ampigie Bi. Mwanamkasi basi, watu wana kazi. Lenox akajibu kwamba Bi. Mwanamkasi hana simu. Alifungua boneti, akalegeza skrubu ya filta, akapiga pampu ya mkono mpaka mapovu yakaisha, akakaza mpira palipokuwa pamelegea. Gari likawaka. Jumamosi alikaza boliti za injini bila kuambiwa, akaliosha chini, akaleta funguo ofisini. Bi. Roseline alizichukua, akamrudishia Mwanamkasi simu yake. Mwanamkasi alikwenda uani, akainama chini ya gari, akapitisha kidole kwenye chesisi, akakitazama. Kilikuwa na oili mpya.

Kwa niaba ya upakiaji, ofisi na kina mama wa samaki waliotutumia salamu: Mama Mwanamkasi, shukrani kwa kila asubuhi uliyotufikishia mzigo, na zaidi kwa kutotuachia gari tusilolijua. Mungu akuzidishie afya, na akulipe usingizi wa alfajiri uliotutolea.

Hafla ya kumuaga ni Ijumaa saa nane mchana, baada ya sala, hapa hapa uani. Jumatatu, tarehe 1 Disemba, Lenox anaanza rasmi zamu ya Timbwani. Oda ya kwanza ya siku hiyo ni magunia mawili, nyumbani kwa Mwanamkasi Boga, anayefungua meza yake ya samaki. Ameomba yafike mapema.