Baba wa Kitabuni na Baba wa Sinema

Benchi letu liko Kariobangi, ubavuni mwa gereji za jua kali, mahali ambapo nyundo zikinyamaza unadhani umekuwa kiziwi. Kahawa humiminwa na Nuradin. Mimi naitwa Profesa, jina nililojipa mwenyewe baada ya kuona wenzangu wanachelewa kunipa. Kushoto kwangu hukaa Mutie, tunamwita Skrini kwa sababu hakuna sinema inayompita. Kulia ni Mzee Opiyo, ama Injini, mstaafu wa reli. Jumamosi hiyo Injini alikuja akizungusha ufunguo wa geti kidoleni. Binti yake Akech, aliyeacha kozi ya uhasibu akahamia mtaa wa Pipeline kutengeneza pikipiki, alikuwa ametuma ujumbe kwamba anakuja nyumbani alasiri. Hawakuwa wamesemezana tangu mwaka uliotangulia.

— Geti nimefunga, Injini akatangaza. Akija akute kufuli.

— Mtu wa reli unakasirikia spana? Skrini akacheka.

— Mimi nilishika spana ndio yeye ashike kalamu!

Nikaona hapo elimu inahitajika.

— Mzee, hayo yako yote yako kwa ile riwaya tuliyosoma kidato cha pili. Mhunzi anamfukuza mwanawe kwa sababu ya kupiga ngoma. Maudhui ni ukaidi. Hicho kitabu nilikijua hadi mwalimu akawa ananiuliza mimi maswali.

— Wacha zako, Profesa! Hiyo ni ile sinema mpya ya Wachina. Baba ana shule ya kungfu, binti anataka kuimba. Nimeiona kwa kibanda cha video, DJ akitafsiri.

— Basi waliiba kwa mhunzi.

— Mchina atoe wapi kitabu chetu cha shule, buda?

— Kwani reli mpya ilijengwa na nani? Walirudi nacho kwa begi!

Injini akatikisa kichwa.

— Kwa reli yetu ya zamani hakungepotea hata kijitabu.

— Na sufuria je? Skrini akaruka. Katikati ya vita baba anamwambia binti, "Rudisha sufuria ya mamako!" Sufuria ni jazanda ya malezi.

— Kwa kitabu hiyo sufuria ni tanuri la mhunzi, nikamalizia. Vitu viwili vikikaa kwa moto, hayo ni maudhui mamoja.

Nuradin akaweka birika chini.

— Hayo maneno ya sufuria ni ya DJ. Mchina alikuwa anasema mambo yake. Wiki jana DJ huyo huyo alimfanya rubani aitishwe sufuria angani.

— Unaona? Skrini akapiga goti. Jazanda imefika hadi angani!

— Nyinyi mnapoteza pointi, Injini akanguruma. Wote wawili walifukuza. Kitabuni baba amefunga, kwa sinema baba amefunga. Hata mimi nimefunga.

Pembeni alisimama Leyla, mama aliyehamia gorofa ya mbele juzi, akingoja Nuradin amjazie flaski.

— Samahanini, wazee wangu. Mwishoni huyo baba alifungua?

— Yupi? nikauliza, nikitafuta muda.

— Yeyote.

Nikakuna kidevu. Darasa letu lilikuwa na nakala moja, ikitunzwa na mwenzetu ambaye mamake aliuza njugu. Nakala ikawa inapungua kutoka nyuma, kurasa zikienda sokoni zimefunga njugu. Yetu iliishia kijana akibisha hodi.

— Skrini, kwa sinema?

— Binti alibisha, Skrini akasema polepole. Halafu DJ akaanza kutangaza magodoro. Alipomaliza, akaweka sinema nyingine.

— Kwa hivyo watoto wote wawili bado wako nje, Leyla akasema. Akachukua flaski yake, akavuka barabara.

Injini aliutazama ufunguo wake kama mtu aliyepewa chenji ya wenyewe. Akasimama.

— Unaenda wapi, mzee?

— Nyumbani. Ile kufuli ina kutu, huwa inasumbua. Sitaki nianze kushindana nayo mtoto akiwa kwa jua.

— Na kahawa?

Alikuwa ameshapita gereji ya tatu, mzee wa magoti mabovu akienda kama gari moshi lililochelewa. Skrini alinyoosha mkono kwa kikombe, lakini wangu ulitangulia.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza mwisho wa ile riwaya, namjibu bila kukuna kidevu: baba aliacha kahawa ikifuka, akakimbia na ufunguo.