Sauti ya Mama Iliyokwama Kwenye Kadi

Bwana asifiwe, wapendwa! Mimi na kipaza sauti hatupatani, mnanijua, lakini leo nikinyamaza nitaumwa!

Natengeneza kompyuta hapa Malangali. Mama yetu alipofariki, sauti yake ilibaki sehemu moja tu, kwenye memori kadi yake ya zamani. Alijirekodi akiimba huku anapepeta ulezi. Baba tangu msiba hakutoa hata chozi, alikaa tu, chakula hataki. Neno lake lilikuwa moja: "Neema, niwekee mama yako nimsikie." Nami kila nikichomeka ile kadi, kompyuta inasema hakuna kadi. Hakuna kadi! Na mimi naiona kwa macho yangu!

Ndugu zangu, nilihangaika. Nikasafisha, nikabadilisha kisomeo, kile kifaa cha kuchomekea kadi, wapi! Fundi mwenzangu akaniambia, "Achana nayo dada, hiyo imeshakufa." Nililia kama nimefiwa upya. Nikafunga, nikaomba, "Bwana, usiniache nimzike mama mara mbili."

Asubuhi moja nikaenda kwa baba. Nikapiga hodi, kimya. Nikarudia, kimya. Kwetu huingii mpaka uitikiwe, basi nikasimama na baridi yetu ile. Nikapiga tena. Ndipo nikasikia fimbo sakafuni: "Karibu, mwanangu. Nilikuwa najikongoja."

Haleluya! Pale pale Bwana akanifungua macho! Nikampa baba shikamoo ya haraka, nikakimbilia kazini. Nikafungua draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kadi. Kumbe ilikuwa inaiuliza kadi mara moja tu, "Uko tayari?" Kadi kuukuu ikijibu "bado", draiva inasusa! Nikaandika upya pale: uliza, subiri kidogo, uliza tena. Nikachomeka. Mafaili yote yakatokea! Asante Yesu!

Nikampelekea baba. Mama akaimba, mara akakatisha wimbo, akaita, "Baba Neema! Njoo tuanue ulezi, mvua hiyo!"

Baba akashika fimbo, akainuka. "Nakuja, mke wangu."

Alifika mlangoni ndipo akakumbuka. Akacheka, kisha akalia, wapendwa, akalia mpaka akatulia. Jioni ile akaomba ugali.

Namshukuru Mungu aliyenirudishia baba. Na wewe uliyeambiwa jambo lako limekufa, usikubali upesi hivyo. Mkabidhi Yesu, anaweza! Amina.