Mama Sahani na Bomba la Jikoni Kwetu

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mpimaji wa maji wa bustani yetu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina lake kamili limo kwenye faili. Sisi tunamwita Mama Sahani.

Alipoajiriwa hapakuwa na kifaa cha kupimia uangavu wa ziwa la bustani. Akatoa sahani nyeupe kabatini kwake, akaitoboa, akaifunga kamba, akawa anaizamisha kila asubuhi na kuandika imepotea machoni kwa kina gani. Zilivunjika nyingi, na mumewe alilalamika kwamba nyumbani sasa wanakula kwa zamu.

Mwaka wake wa tisa kazini, sahani ilikuwa ikipotea kabla vidole havijalowa. Maji yalikuwa ya kijani, yananuka, samaki wanaelea. Wakubwa wakaamua ziwa lifukiwe, pawe maegesho ya magari. Mama Sahani akaomba mwaka mmoja tu.

Kwanza aliwashuku waosha magari wa barabara ya juu. Aliwasema hadharani, wakafukuzwa, na maji yakabaki vilevile. Basi akaanza kufuata mifereji kwa miguu, akimwaga rangi nyekundu katika kila tundu aone itatokea wapi. Ile ya kwenye sinki la kantini yetu wenyewe ilitokea ziwani kabla hajamaliza chai yake. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako: mafuta na sabuni vyote vilikuwa vyetu.

Alishauriwa aandike kwamba chanzo hakijulikani. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule, na alilijua hilo. Akaandika: “Uchafu ni wetu.” Kisha akawaendea waosha magari, akawaomba radhi mmoja mmoja, akawapigania mpaka wakarudishwa.

Bomba lilihamishwa, matete yakapandwa ukingoni, ziwa likapona. Mwezi uliopita alipima mita mbili na robo.

Mpishi wa kantini ile ni mimi. Nilimnunia mwaka mzima, nikawa nampa chai isiyo na sukari makusudi. Aliinywa na kushukuru, jambo lililoniudhi zaidi.

Mama Sahani, sote tunakushukuru. Tunakuombea afya, raha na siku ndefu pamoja na mzee wako. Nami naomba radhi. Nimechelewa miaka ishirini na miwili.